Kempa ya kujitengenezea: gundi gani ya kubandikia povu

Vijana wengi sahivi hapa Tanga wanataka kempa, mtu ana kirikuu chake au katrela anasema nitapiga kibanda nyuma, ndani povu, nje plaiwudi au bati, alafu wikiendi napanda Lushoto au nashuka Pangani nalala ufukweni bila kulipia lodji. Wazo zuri wala sio gumu. Ila akija kuuliza, swali la kwanza ni "kaka, gundi gani kali?" na hapo ndo anapoanza kupotea, mana ukali sio shida, gundi nyingi tu zikishika sawasawa zina nguvu kuliko povu lenyewe. Uliza hivi: povu langu ni la aina gani, na hii gundi inakaukaje.

Tuanze na povu. Lile jeupe la vipunje vipunje linalokuja kwenye boksi la TV ni polistairini. Kuna ndugu yake, bodi laini isiyo na vipunje, mara nyingi ya bluu au pinki, nayo ni polistairini hiyohiyo ila ngumu zaidi na hainywi maji kirahisi. Alafu kuna poliurethani, ya njano njano, ukiikwangua na kucha inatoa unga, ndo ile inayokaa ndani ya kuta za friji, kwa mafundi wanaovunja majokofu mabovu utaipata vipande vipande. Usikisie kwa rangi. Kata kipande, kaa nje mbali na jiko na sigara, dondosha tone la petroli. Polistairini inatoboka hapohapo unaona, inajikunja inabaki ute wa kunata, poliurethani inakaa tu inakuangalia.

Hilo tone limeshakupa nusu ya somo. Gundi ya viatu, ile ya njano unapaka pande mbili unasubiri ikauke kidogo ndo unagandisha, imejaa vimiminika vya jamii ya petroli na tina. Kila fundi sofa anaijua na ndo ya kwanza atakayokushauri, na kwa fomaika na plaiwudi wala sina ugomvi nayo. Kwenye polistairini inakula, na ubaya wake siku hiyo huoni kitu mana umeshafunika, ndani huko yamebaki mashimo. Hata kwenye poliurethani ambayo haiumii bado kuna jua, gundi hii nyingi zinalainika kwenye joto na bati la juu mwezi wa kwanza hapa kwetu huwezi kuliwekea kiganja. Dari ndo linaanza kushuka.

Na nyie mliokulia kwenye boti za faiba msikimbilie resini mliyoizoea. Ile ya poliesta, ya kuchanganya na matone ya hadina, yani dawa ya kuigandisha, ina stairini ndani yake, inayeyusha polistairini vilevile kama petroli. Ukitaka faiba juu ya polistairini tumia epoksi, resini nyingine ya kuchanganya na hadina ila haina stairini.

Gundi nyeupe ya mbao je? Haili povu, bei poa, haina harufu ya kukuumiza kichwa. Ila inakauka kwa maji kutoka. Ukibandika povu kwenye plaiwudi, maji yatapita kwenye mbao polepole, sawa. Ukibandika povu kwa povu, au povu kwa bati, maji yapite wapi? Kingo zinakauka, unagonga unasikia pagumu unafurahi, katikati bado uji, na kwa unyevu huu wa pwani inaweza ikakaa hivohivo wiki na wiki. Mahali pake ni pengine: wenzetu Marekani wanaojenga kempa za povu tupu wanavisha turubai la pamba juu yake kwa gundi ya mbao, ile isiyoogopa maji, gundi inapenya kwenye kitambaa inakauka na hewa, alafu wanapiga rangi ya nyumba juu. Rahisi, na fundi cherehani yeyote atakushonea hilo turubai.

Mimi kwa bodi kubwa nachagua gundi ya poliurethani, ya maji maji ya kahawia, mana yenyewe inakauka kwa kunyonya unyevu, na unyevu Tanga hatununui. Hata hivo nyunyiza maji kidogo upande mmoja kwa chupa ya kunyunyizia, yawe ukungu tu yasitiririke. Paka nyembamba. Hii gundi inaumuka, sasa ukiimwaga nyingi ukidhani unaimarisha itanyanyua bodi yako na utakuta kifua katikati, kwa hiyo lazima uzito: tandika plaiwudi juu, panga matofali au mifuko ya mchanga mpaka kwenye pembe, na usiguse mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo uishe. Vaa glavu, ikishakauka mkononi sabuni haitoi, na fungua milango mana mvuke wake haufai kwa kifua, mwenye pumu asikae karibu kabisa. Povu la kopo la kupuliza ni la kuziba nyufa, kubandikia bodi nzima linasukuma sana.

Epoksi ni nzuri kwenye pembe na maungio ila pesa yake unaijua. Pima kama kopo linavyosema, kuongeza hadina hakuiharakishi, kunaiharibu. Na changanya kidogo kidogo, kikombe kizima kwenye joto letu kinachemka chenyewe mpaka moshi, ukikimwaga kwenye polistairini kikiwa hivo umeichoma.

Bati ni habari nyingine. Aluminiamu ya mita 2 ikipanda joto nyuzi 40 inarefuka karibu milimita 2, povu na mbao havirefuki sawa nayo, na gundi ngumu hapo inapasuka au inararua povu. Tumia ile inayobaki laini, gundi ya kubandikia vioo vya mbele vya magari, upige mistari badala ya kupaka kote. Bati lifute kwa tina kwanza, kuna mafuta ya kiwandani huyaoni, liache likauke kabisa ndo ulete povu. Povu lenyewe msasa tu, lile la bluu lina ngozi inayong'aa lazima itoke, alafu pangusa vumbi. Na nje piga rangi nyeupe, polistairini kwenye nyuzi 80 hivi inaanza kulegea na bati jeusi juani linasogelea huko. Ndani usiache povu wazi hasa pa kupikia, likishika moto moshi wake ni sumu.

Kabla ya kununua kopo kubwa, bandika vipande vidogo vya vifaa vyakovyako, weka juu ya paa vipigwe jua mchana na umande usiku siku kadhaa, alafu bandua vikiwa vya moto saa nane mchana, sio asubuhi. Tazama pande zote mbili. Ukiona povu limeraruka na vipunje vimebaki kwenye mbao au bati, gundi imeshika, kanunue. Ukiona gundi imebanduka nzima na upande mmoja msafi, shida ni gundi au ni mafuta hukuyafuta, futa ujaribu tena na bodi kubwa usizikate bado.