Jina la Mume Libaki Mtaani, Jina la Baba Libaki kwenye Vyeti

Mabinti wa kanisani na wa kazini huniuliza kama wakiolewa wabadili jina na kuchukua la mume, na huniuliza wakati mambo yamekwisha kuiva, kadi za michango zimesambazwa na kamati ya harusi inakutana kila Jumapili, kana kwamba jina ni jambo la kumalizia baada ya keki na ukumbi. Mimi ni mke wa mtu, na kwa miaka mingi nimefanya kazi katika idara ya utumishi ya halmashauri, mahali ambapo majalada ya watumishi hupita mikononi mwangu kila siku. Jibu langu ni lile lile: itwa jina la mume popote unapopenda kuitwa, lakini nyaraka ziache na jina ulilofanyia mtihani wa kidato cha nne.

Kwanza niondoe hofu moja ambayo mashangazi wengi huipandikiza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke wa Kitanzania kuchukua jina la mume, na haki zake hazitegemei jina hilo. Kifungu cha 56 kinampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Siku ya msiba au, Mungu apishe mbali, siku ya talaka, kinachowekwa mezani ni cheti cha ndoa. Nimewaona wajane wenye jina la mume kwenye kila karatasi wakihangaika kwa sababu cheti hicho hakijulikani kilipo, na nimewaona wengine wenye jina la baba zao wakihudumiwa bila maswali kwa kuwa walikuja nacho.

Kwa ndugu zetu Waislamu, hasa wa Pwani na Visiwani, suala hili halina uzito mkubwa. Mke hubaki na jina la baba yake, kama Khadija binti Khuwaylid na Aisha binti Abu Bakr walivyobaki nayo ingawa mume wao alikuwa Mtume mwenyewe. Bibi Titi Mohamed aliingia katika historia ya TANU kwa jina la baba yake, na Rais Samia Suluhu Hassan anaapa na kutia saini kwa jina la baba yake, wala hakuna anayedhani kwamba hamheshimu mumewe, mzee Hafidh Ameir. Sisi wa bara, hasa Wakristo, ndio tuliopokea desturi ya mke kuandikwa kwa jina la mume, kwa sehemu kubwa kutoka misheni na ofisi za wakoloni. Sisemi kwamba ni mbaya kwa sababu ilitoka nje, maana vizazi kadhaa vimekwisha kuifanya yetu. Mama yangu mzazi anajulikana kwa jina la baba yangu kwenye bahasha yake ya ahadi kanisani, na akiandikwa vinginevyo atalalamika kwa mchungaji.

Ugumu unaanzia kwenye fomu. Fomu zetu nyingi zina visanduku vitatu, yaani jina la kwanza, la kati na la mwisho, na mpangilio huo unamfaa mtu anayeandika jina lake, la baba na la babu au la ukoo. Tuseme binti anaitwa Rehema Joseph Mushi na ameolewa na Bwana Massawe. Akijiandika Rehema Joseph Massawe, karatasi inamgeuza mzee Joseph kuwa Massawe, jambo ambalo hakuna mzee wa Kichaga atakayelifurahia. Akijiandika Rehema Mushi Massawe, jina la baba limetoweka na la ukoo limehamia katikati, na mfumo wa kompyuta unaolinganisha majina neno kwa neno utamwona kuwa mtu mwingine. Akiyaweka yote manne, la nne halina kisanduku, kwa hiyo ofisi moja italikata na nyingine itaunganisha mawili kwa kistari. Hali huwa ngumu zaidi pale ambapo mume hana jina la ukoo, naye ni Petro Daudi Yohana tu, maana hapo mke anabeba jina la babu wa mumewe, mzee ambaye pengine hakuwahi hata kumwona.

Wakati wa uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ndipo nilipoona gharama yake. Mwaka 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti yenye majina ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na kabla ya hapo kila jalada lilikuwa limepekuliwa. Walimu na wauguzi wenye vyeti halali kabisa walipanga foleni kwa mawakili kutafuta hati za kiapo, kwa sababu tu waliolewa. Nakumbuka jalada la muuguzi mmoja: cheti cha kidato cha nne kilikuwa na jina la baba, barua ya ajira ilikuwa na jina la mume, na kadi ya mfuko wa hifadhi ya jamii iliyachanganya yote mawili, tena kwa herufi iliyokosewa. Mama huyu alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa kata yake, lakini ilimbidi kuapa mbele ya wakili kwamba yeye ni yeye.

Kwangu mimi mtihani haukuwa ofisini, ulikuwa sebuleni kwa mama mkwe. Aliniambia kwa upole, lakini bila kuzunguka: “Mwanangu, sisi tulikutolea mahari kwa heshima zote. Sasa watu wakisoma jina lako wasijue kwamba wewe ni wa kwetu?” Nikamjibu, “Watajua, mama. Kwenye jumuiya na kwenye vikao vya ukoo nitaandikwa jina la nyumba hii. Haya mengine ni makaratasi ya shule, na aliyenisomesha ni baba.” Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata yeye asingependa binti zake wafute jina la marehemu mzee wake. Ninayemshauri huwa namwambia asianze na hoja za sheria mbele ya wakwe. Azungumze na mchumba kwanza, mapema, kabla dada zake hawajamfikishia kwa maneno yao.

Kubaki na jina la baba nako kuna usumbufu wake, na sitauficha. Watoto wanachukua jina la baba yao, kwa hiyo nikisafiri nao peke yangu kuvuka mpaka, afisa hutazama pasipoti yangu, akatazama zao, kisha akaniuliza watoto ni wa nani. Dawa yake ni kubeba vyeti vyao vya kuzaliwa, ambavyo vina majina ya wazazi wote wawili, pamoja na barua ya idhini ya baba yao. Shuleni na hospitalini huniita kwa jina la mume wangu au chochote wapendacho, nami naitika.

Yupo pia atakayesema kwamba ndoa yake haitavunjika, hivyo jina halitamsumbua. Namwombea iwe hivyo, lakini amtazame Wangari Maathai wa Kenya. Alipoachana na mumewe mwaka 1979, mume alitaka aache kutumia jina lake, wakati huo yeye akiwa tayari msomi anayejulikana kwa jina hilo. Akaongeza herufi moja, Mathai likawa Maathai, na ndilo alilopokelea Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Si kila mwanamke atakayepata njia nyepesi kama hiyo.

Kama bado unataka kubadili, badili kikamilifu na kwa mpangilio. Anza na hati ya kubadili jina kwa wakili, uisajili, kisha nenda NIDA, maana benki, laini ya simu na pasipoti vinategemea taarifa za kitambulisho cha Taifa. Ukianzia benki utarudishwa. Usisahau mwajiri na mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako wengi hukumbuka siku ya kustaafu.

Na kama ulikwisha kubadili nusunusu, tengeneza hati moja ya kiapo inayotaja kila jina uliloandikwa na mahali lilipoandikwa, uambatishe cheti cha ndoa, na nakala moja iwekwe kwenye jalada lako la utumishi ukiwa bado kazini, kwa sababu atakayekuja kudai mafao yako huenda asiwe wewe, wakawa ni wanao.