Kuunganisha Mifumo ya Malipo: Tujenge Wenyewe au Tununue?

Swali: Chama chetu cha akiba na mikopo, Nakuru, hupokea michango kupitia M-Pesa na benki mbili, na makarani bado huingiza kila muamala kwa mkono. Tuna mhandisi mmoja wa programu. Je, atujengee kiunganishi, yaani programu ya kupokea taarifa za malipo na kuziingiza daftarini, au tununue huduma ya kampuni?

Jibu: Ndugu msomaji, mngekuwa na M-Pesa peke yake ningewashauri mjenge, kwa kuwa Daraja, lango ambalo Safaricom iliwafungulia waandaaji programu mwaka 2017, lina mazingira ya majaribio, na muamala wa kwanza hupita bila taabu kubwa. Urahisi huo wa mwanzo ndio unaowapotosha wengi wanapokadiria gharama.

Kazi yenyewe huanza siku taarifa ya malipo inapotumwa na kukuta seva yenu imezima: mwanachama amekatwa pesa, ana ujumbe wa uthibitisho mkononi, na daftari lenu halina habari. Kiunganishi hakina budi kuuliza chenyewe hali ya muamala, kuitambua kwa namba ya risiti taarifa iliyoletwa mara mbili ili mchango mmoja usiandikwe kama miwili, na kuomba tokeni mpya, yaani kibali cha muda cha kuingia kwenye mfumo wa Safaricom, kabla ile ya awali haijamaliza saa yake moja. (Mwanachama anayekosea namba ya akaunti kwenye paybill, yaani namba ya chama ya kupokelea malipo ya M-Pesa, atawachosha kuliko hayo yote, na hakuna kampuni itakayowaondolea usumbufu huo.) Ongeza benki mbili, kila moja na utaratibu wake, na mhandisi wenu atakuwa mlinzi wa zamu asiyepokelewa.

Kwa hiyo nunueni njia ya kupokelea malipo, lakini daftari libaki lenu. Kumbukumbu ya kila muamala kama ulivyofika, kanuni za kugawa mchango kati ya akiba, hisa na marejesho ya mkopo, na ulinganishaji wa kila jioni na taarifa za benki, vikae kwenye hifadhidata yenu. Hiyo ndiyo kazi ya mhandisi.

Kabla ya kutia saini, hakikisheni paybill imesajiliwa kwa jina la chama, la sivyo siku mtakapohama itawabidi kuwafundisha wanachama wote namba mpya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inadai mkataba wa maandishi na anayechakata taarifa zao kwa niaba yenu. Kisha, katika majaribio, zimeni seva makusudi, lipeni shilingi kumi, iwasheni baada ya saa moja, na muangalie kama malipo hayo yataingia yenyewe, mara moja tu.