Jibu: kwa nini madaktari wasafiri hadi Rarotonga kuhasi mbwa?

Dada, umeuliza kwa nini madaktari wa wanyama wanaojitolea waende mbali hivyo, badala ya wenyeji wenyewe kuwapunguza mbwa kwa kuwaua.

Rarotonga ni kisiwa kikuu cha Visiwa vya Cook, nchi iliyo katika Bahari ya Pasifiki. Nchi hiyo ni visiwa 15 vidogo vilivyotawanyika kwenye bahari ya karibu kilomita za mraba milioni 2, na watu wake ni wachache sana. Hakuna chuo cha kufundisha udaktari wa wanyama, na si rahisi daktari kupata riziki ya kudumu pale. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 kliniki ya Rarotonga imetegemea watu wa kujitolea: kwanza chini ya shirika la Esther Honey Foundation la Marekani, na siku hizi chini ya shirika la Te Are Manu.

Kuua hakusaidii. Mbwa jike hubeba mimba miezi miwili tu na huzaa watoto wengi kwa mpigo, kwa hiyo ukiondoa kumi leo, nafasi yao inajazwa upesi. Ukiwafunga kizazi, idadi inashuka polepole, na mbwa wenyewe wanabaki na afya. Tena mbwa wa pale mara nyingi ni wa mtu, hata kama anazurura ufukweni mchana kutwa! Mtoto wa nyumbani kwao anamjua kwa jina.

Kinachonigusa zaidi ni kazi ndogo ndogo: minyoo, kupe, kidonda kilichooza. Kusipokuwa na daktari kisiwani, mnyama mwenye shida hizo anateseka mpaka afe.