Jibu: Maji ya mvua kwenye simtanki yananuka
Pole sana dada. Umesema simtanki lenu la lita 2,000 lina harufu na viluwiluwi, na watoto wanakunywa humo. Wasiendelee kuyanywa hivyohivyo. Yachemsheni hadi yatokote kwelikweli.

Viluwiluwi maana yake mbu wanapata pa kuingilia. Kagua mfuniko, halafu bomba la kutolea maji yakizidi, hapo ndipo wengi tunasahau. Mimi nilifunga wavu wa dirishani kwa mpira wa tairi la baiskeli, haujatoka hadi leo.

Harufu mara nyingi inatoka juu. Nilipopanda ngazi nilikuta gata limejaa majani ya mwembe yaliyooza, yamegandamana na kinyesi cha kunguru, meusi tii. Maji yetu ya chai yalikuwa yanapita hapo! Kata matawi yaliyoinamia bati, zoa gata kabla ya masika na vuli, na mvua ya kwanza geuza bomba, iache ioshe bati na kumwagikia nje.

Tanki likipungua, lisugue kwa brashi ya mpini mrefu ukiwa nje, kisha suuza. Tafadhali usimwingize mtoto ndani, hewa ni finyu. Ukitia klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, pima kama kibandiko chake kinavyosema, subirini dakika 30 ndipo mnywe.