Kabla hujaupanda Mweka, jifunze kuushuka

Nina miaka 61. Nilianza kukimbia nikiwa na 52, baada ya presha kunishtua, na hadi sasa nimemaliza Kilimanjaro Marathon mara nne. Kila ikikaribia Desemba wenzangu wa rika langu hapa Dar huniuliza, "Kaka, ule mlima wa Mweka unapandwaje?" Nawajibu kwamba utaupanda tu, hata kwa kutembea. Hofia kushuka.

Njia iko hivi. Mnaanza Moshi mjini, mnaifuata barabara kuu ya kuja Dar, kisha mnageuka na kurudi. Sehemu hiyo haina milima ya kutisha, na nusu ya kwanza huisha ukijiona bado kijana. Ndipo mnaelekezwa Mweka. Ni mwinuko mrefu usiokoma, katikati ya migomba na kahawa, mpaka karibu kilomita ya 32. Kutoka hapo ni mteremko wa kilomita 10 hivi hadi uwanjani.

Mwaka wangu wa kwanza nilifika juu nikiwa na nguvu. Nikasema moyoni kwamba kazi imekwisha, nikajiachia. Nilikuwa napiga hatua ndefu huku visigino vikigonga lami kwa kishindo, na nikawapita vijana. Kilomita ya 36 mapaja yakakaza kama yamefungwa kamba. Kilomita sita zilizobaki nilitembea, tena kwa kushika uzio wa watu. Nilivyorudi nyumbani, kwa siku nne nilishuka ngazi kinyumenyume.

Sababu yake niliielewa baadaye. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja ndiyo breki yako: inakaza na wakati huohuo inavutwa. Kazi ya namna hiyo huichanachana misuli kidogo kidogo kwa ndani, zaidi ya kupanda, na kwa mtu wa umri wetu kupona huchukua muda. Lakini misuli ina kumbukumbu nzuri. Ukiizoesha mteremko mara chache, kwa kiasi, inakinga maumivu kwa wiki kadhaa zinazofuata. Mzee wetu wa mbio ndefu, Juma Ikangaa, alishika nafasi ya pili Boston Marathon kule Marekani miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Boston nayo huanza kwa kushuka, na milima ya Newton inakuja baada ya kilomita 25, wakati miguu imeshaliwa na mteremko. Anayeijua njia ile hufanya mazoezi ya kushuka makusudi. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Watu husema Dar ni tambarare. Ukishinda Coco Beach na Daraja la Tanzanite ni kweli, na mwanzoni ndiko nilikoshinda mimi. Nenda Survey upande Chuo Kikuu, Mlimani. Nenda Makongo na Goba. Ukitaka mwinuko mrefu, upo wa Pugu kwenda Kisarawe, ila huko toka na mwenzako na mvae nguo za kung'aa, maana malori ni mengi.

Wiki ya kwanza shuka mara tatu tu, polepole. Ongeza taratibu hadi mara nane. Hatua ziwe fupi na za haraka, goti lilegee kidogo, mguu utue chini ya mwili wako. Usijivute nyuma kama mtu anayeogopa kuanguka, maana hapo ndipo breki inapofanya kazi zaidi. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, na siku inayofuata pumzika au tembea. Maumivu mara nyingi hukolea siku ya pili, kwa hiyo usijisifu mapema. Zoezi la mwisho la mteremko liwe wiki mbili hivi kabla ya mbio.

Wakati wa kupanda, kipimo changu ni mazungumzo. Nikishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, natembea. Anza kutembea kabla hujalazimika.

Januari na Februari ndiyo miezi yetu ya joto kali, na ndiyo ya mazoezi makubwa. Toka saa 11 alfajiri. Kwa mbio ndefu kunywa maji yenye chumvi na sukari, ile ORS ya duka la dawa anayopewa mtu anayeharisha inafaa. Lakini usigugumie maji kila kituo kwa hofu. Maji yakizidi sana, chumvi ya damu hushuka, na mtu anaweza kuchanganyikiwa hata kupoteza fahamu.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nalishuhudia kila mwaka: wazee wenzangu wanameza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ya mbio ili magoti yasiseme. Dawa hizo, mwili ukiwa umekauka kwa jasho, zinaweza kuumiza figo. Goti likihitaji dawa ili likimbie, siku hiyo lisikimbie. Na kabla ya mpango wowote pima presha, sukari na moyo. Ukibanwa kifua au kuona kizunguzungu mazoezini, simama, nenda hospitali.

Raba ziwe na nafasi ya nusu kidole gumba mbele, la sivyo mteremko utakung'oa kucha. Za mtumba ninazo za kutembelea, si za kukimbilia kilomita 42. Soli yake mara nyingi imeshakufa.

Basi la kwenda Moshi ni safari ya kutwa nzima, miguu imekunjwa. Fika siku mbili kabla. Na usirudi siku ileile ya mbio, hata kama Jumatatu kuna kazi; omba ruhusa mapema. Mimi hulala usiku mmoja zaidi, nikatembea kidogo jioni hadi sokoni, nikala ndizi nyama. Asubuhi nateremka ngazi za gesti nikiwa nimetazama mbele.