Kusafisha kaboni kwenye injini: kabla hujalipa, jua gari lako linapuliza petroli wapi

Kama gari lako ni IST, Vitz, Passo au Premio ya 1.5, hela ya mashine ya kusafisha kaboni ibaki mfukoni kwanza. Nozeli za injini hizi zinapuliza petroli nyuma ya valvu za kuingizia hewa, na petroli hiyohiyo ndiyo inayoziosha valvu muda wote injini inapofanya kazi. Injini za D-4, yaani za Toyota zenye sindano ya moja kwa moja, zina mambo mengine, kwa mfano 1AZ-FSE ya Noah na Voxy za 2001 hadi 2007. Hapo nozeli inapuliza ndani ya silinda, kwa hiyo valvu haiguswi na petroli. Mvuke wa oili kutoka valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa) na moshi unaorudishwa na EGR (mfumo wa kurudisha sehemu ya moshi wa ekzosti) hupita juu yake, huungua na kuganda kama lami. Hiyo ndiyo kaboni. Injini nyingi za FSI na TSI za Volkswagen na Audi zina tabia hiyo.

Dalili zinajulikana: gari linamisi asubuhi likiwa la baridi, sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inapanda na kushuka, mlimani linachoka. Lakini plagi zilizokufa, koili mbovu na hewa inayovuja kwenye manifoldi huleta dalili hizohizo. Fungua plagi uzitazame. Kahawia hafifu ni salama, masizi makavu meusi ni petroli iliyozidi, weusi wenye unyevu wa mafuta ni oili inayoingia ndani.

Ukikuta masizi makavu, angalia thamostati, valvu inayozuia maji kwenda rejeta hadi injini ipate joto, kabla ya kitu kingine. Gari likichemsha, mafundi wengi huitoa na kuitupa, na mwenye gari hufurahi kwa kuwa mshale wa joto umeshuka. Injini sasa haifiki joto lake. Kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kuongeza petroli, na masizi yanajaa. Unga mashine ya kusoma kompyuta ya gari, endesha dakika 15, usome joto la maji: liwe kati ya nyuzi 80 na 95. Likibaki chini ya 70, rudisha thamostati na utafute sababu halisi ya kuchemsha. Ukisafisha kaboni bila kurekebisha hilo, umelipia kazi itakayorudi.

Ukikuta plagi zina oili, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda. Toa plagi zote, kata petroli, kanyaga mafuta hadi mwisho, kisha piga stata. Silinda zikipishana zaidi ya psi 15, tia kijiko kidogo cha oili kwenye ile dhaifu na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka au zimeganda. Kisipopanda, shaka inahamia kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi.

Usafishaji wa throto, mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, unalipa karibu kwenye kila gari la petroli, na ni wa bei ndogo. Toa bomba la hewa, pulizia dawa ya throto kwenye kitambaa, futa kingo za kile kisahani. Kama throto ni ya umeme, usikisukume kwa kidole switi ikiwa imewashwa, kwa sababu gia zake ni za plastiki. Nissan nyingi baada ya hapo huhitaji kufundishwa upya sailensi. Kihisi cha hewa, kinachopima hewa inayoingia, kina dawa yake. Dawa ya kabureta hukiharibu.

Dawa ya kwenye tenki yenye PEA, kemikali ya kuosha uchafu wa petroli, inafaa kwa nozeli. Mimina kabla ya kujaza petroli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha safiri masafa marefu. Kwenye D-4 itasafisha nozeli, lakini valvu haitazifikia.

Mashine ya haidrojeni, ile inayoungwa kwenye bomba la hewa gari likinguruma nusu saa, siishauri. Kaboni iliyokauka juu ya valvu haitoki kwa gesi hiyo. Dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa inaweza kubandua mapande, na kwenye gari lenye tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosti) usiiruhusu kabisa: pande moja gumu linatosha kuumiza mapanga yake au kuziba masega ya kisafisha moshi kwenye ekzosti.

Kazi inayofaa kwa D-4 ni ya mikono. Manifoldi inatolewa, injini inazungushwa kwa spana hadi valvu za silinda moja zifunge, dawa inamwagwa juu yake na kuachwa ilainishe, kisha brashi, kisha kunyonya uchafu wote. Wenye vifaa hupuliza unga wa maganda ya jozi kwa upepo. Valvu ikiwa wazi hata kidogo, uchafu unaingia kwenye silinda na kukwaruza kuta zake. Gasketi za manifoldi ziwe mpya, na valvu ya PCV ikaguliwe siku hiyohiyo.

Mwambie fundi apige picha za kila valvu kabla na baada. Picha ya kwanza ikionyesha utando mwembamba tu, afunge manifoldi na mrudi kwenye plagi na koili.