Mwacheni alipe

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: mtu akishaacha dawa za kulevya, familia imsaidieje kujirekebisha tabia? Jibu langu ni kwamba tumwache alipe, na akija kulipa tumpokee. Nasema hivyo nikiwa dada wa kijana aliyekula unga, yaani heroini, kwa miaka mingi hapa Unguja, akapitia soba hausi, nyumba wanakokaa walioacha dawa ili wasirudie, na sasa yuko nyumbani na sisi.

Arosto, yaani mateso ya mwili unapoukosa unga, ina mwisho wake. Maumivu ya mifupa, kuhara, kutapika, usiku kucha macho makavu: yale makali kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja hivi. Wapo pia wanaosaidiwa na methadone, dawa ambayo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, iliyoanza kutolewa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 na baadaye ikafika kwetu katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Lakini hakuna dawa ya kunywa inayotibu uongo. Aliyekuwa akitafuta pesa ya kete kila kukicha amejifunza kumsoma mama yake usoni, anajua saa ya kuomba na kisingizio kitakachopita. Ujuzi huo unabaki. Mdogo wangu alirudi akiwa safi, na bado alikuwa akidanganya hata pasipo na faida yoyote. Ukimuuliza kama amekula, atasema amekula, kumbe tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni.

Soba hausi nyingi za hapa zinafuata hatua 12 zilizoasisiwa Marekani na watu waliokuwa wakipambana na pombe, ambao umoja wao ulianza mwaka 1935. Wengi wetu tunaijua ile hatua ya kwanza tu, ya kukiri kwamba umeshindwa. Kazi ya tabia iko mbele zaidi. Katika ya 4 mtu anajikagua bila kujionea huruma, ya 8 anaorodhesha aliowadhuru, na ya 9 anawaendea kutengeneza alichoharibu, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutamuumiza mtu. Kwa Muislamu hili si geni. Tumefundishwa kwamba toba ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia, na kosa likigusa haki ya mja, haki yake irudishwe au mwenyewe asamehe. Msamaha una thawabu kubwa, sibishani na hilo. Ninachoomba ni usitolewe haraka kiasi cha kumfungia mtu njia ya kurudisha.

Mdogo wangu aliwahi kuiba mtungi wa gesi wa jirani yetu, mama wa makamo anayepika maandazi. Alipopata kibarua cha kupiga msasa kwa seremala, akamwendea na shilingi elfu tano. Yule mama akamwambia, "Mwanangu, mimi nishakusamehe, kanunulie viatu." Mdogo wangu akasimama pale pale mlangoni: "Nakushukuru mama, lakini naomba uzipokee." Akazipokea, akachukua daftari lake la wanaomkopa maandazi, akaandika jina, kiasi na tarehe. Kila Ijumaa baada ya sala alipeleka alichonacho. Ipo Ijumaa aliyokwenda mikono mitupu kusema kazi haikuwepo. Hiyo ndiyo ninayoithamini kuliko zote, maana zamani siku kama hiyo angepita njia ya nyuma ili asionekane.

Deni zito zaidi halikuwa la pesa. Bangili ya shangazi yetu ilipopotea, tuhuma ilimwangukia msichana aliyekuwa akimsaidia kazi za nyumbani. Akafukuzwa, akarudi kwao Pemba na jina la wizi. Aliyeichukua ni mdogo wangu. Mshauri wake alimtahadharisha asikimbilie kukiri ili kuutua mzigo wake na kuutwisha mtu mwingine. Kwanza aulize mwenye kudhulumiwa anataka nini. Akampigia simu. Yule dada hakutaka pesa wala pole. Alisema, "Nilitukanwa mbele ya watu, nisafishe mbele ya watu hao hao." Basi shangazi akaitwa, na majirani wawili waliokuwepo siku ile, na mdogo wangu akasema yote kwa sauti ya kusikika. Shangazi alilia kwa hasira, akaondoka bila kuaga. Baada ya muda alimpigia yule dada mwenyewe, akamtumia na mshahara aliomzuilia. Ndugu wengine walikuwa wakinong'ona kwamba jambo la zamani liachwe lilivyo. Liachwe kwa faida ya nani? Wa Pemba alikuwa bado anaitwa mwizi.

Sitaki msomaji adhani kijana wetu amekamilika. Hasira bado anazo, na akikosolewa hununa siku nzima. Hatua ya 10 inamtaka ajikague kila siku na akikosa akiri papo hapo, naye anajitahidi. Juzi alimfokea mtoto wa kaka yetu kwa sababu ya chaja ya simu, na kabla ya isha alikuwa ameshamwomba radhi mbele yetu sote. Wakati mwingine inamchukua siku mbili tatu, nasi tunasubiri. Nyumbani tumekubaliana mambo mawili: hatumlipii deni lake lolote, na lile alilokwisha kulipa hakuna anayeruhusiwa kumkumbusha, hata tukigombana.